Kikopo cha Pili Ambacho Hakikuwepo

Katika Bihambwe nzima hakuna mwanamke wa umri wangu aliyesoma hesabu kunizidi. Darasa la tano nililisoma mara mbili! Mara ya kwanza sikuelewa, na mara ya pili mwalimu alinikalisha karibu na mlango, ili nisimsumbue mtu siku nitakapoamua kuondoka. Kwa hiyo wajukuu wangu wakizungumza mambo ya hesabu, mimi hutikisa kichwa kama mtu anayekubali, halafu naendelea kuchambua maharage.

Ndivyo nilivyokuwa nikifanya kila alasiri, mwaka ule wa vita, mbele ya duka la mkwe wangu Jean-Luc. Binti yangu Sidonie alikaa mlangoni akikanyaga mashine yake ya kushona: sare za shule, mashati ya kwaya, na nguo za watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wanalipa kidogo kidogo. Mwanawe mdogo, Trésor, alilala miguuni pake juu ya mabaki ya vitambaa. Sauti ya mashine ndiyo iliyokuwa wimbo wake wa usingizi. Naye Kétsia, msichana wa miaka kumi na miwili, alirudi kutoka shuleni, akanawa, akala kiazi, kisha akachukua simu ya mama yake na kuketi kwenye ngazi. Yeye ndiye alikuwa mhasibu wa nyumba, au *comptable*, kama alivyopenda tumwite.

Baba yake, huyo Jean-Luc, ni mfanyabiashara wa kutoka Butembo. Alikuwa amekwenda huko kutafuta bidhaa, na vita vikafunga barabara nyuma yake. Kabla ya kuondoka alitia katika simu programu ya kupanga matumizi ya nyumba, jina lake Mkoba. Siku aliyomfundisha Kétsia, alitumia maharage yangu, bila kuniomba ruhusa.

"Angalia," alisema, akahamisha konzi moja kutoka kwenye sufuria hadi kwenye kikapu. "Chakula ya leo imepunguka?"

"Hapana, Papa. Iko tu mu kikapu."

"Njo vile," alikubali. Halafu akamwita jirani yetu Nyiraneza aliyekuwa akipita, akammiminia konzi nyingine katika kitenge chake. "Na sasa?"

"Sasa imepunguka."

"Juu ya nini?"

"Juu imetoka. Si sisi tutaipika."

Nyiraneza alishukuru na kuondoka haraka, kabla somo halijafika mahali pa kurudisha maharage.

Programu ilifanya kazi vivyo hivyo. Ilikuwa na akaunti tatu za ndani, yaani mifuko yetu wenyewe: sanduku la duka, pesa za simu, na kikopo kilichokuwa chini ya kitanda. Pesa zikihama kutoka mfuko mmoja hadi mwingine, Mkoba haukusema kitu, maana bado zilikuwa zetu. Lakini ukituma pesa kwenye akaunti ya nje ambayo Mkoba hauifuati, mfuko wa mtu mwingine, programu ilikusimamisha na swali moja: *Kutoka fungu gani?* Kwa sababu kila franga ilikwisha kupewa kazi yake. Kulikuwa na fungu la Chakula, la Shule, la Sabuni, la Bidhaa, na lile kubwa kuliko yote, fungu la Mbio.

Labda ninyi mnaosoma mbali na huku mtafikiri Mbio ni mambo ya michezo. Hapana. Kwetu Masisi, nyumba yenye uwezo huweka pesa za siku ya kukimbia. Haziguswi kwa arusi wala kwa sikukuu. Mimi mguu wangu wa kushoto umevimba tangu zamani. Nikienda kanisani nafika wakati wa baraka ya mwisho. Fungu la Mbio lilikuwa nauli ya mguu wangu, na ya Trésor, na ya ile mashine, ambayo peke yake ilikuwa nzito kuliko mimi. Kila jioni Sidonie aliuliza jambo moja tu kabla ya kwenda kupika:

"Kétsia, Mbio iko aje?"

"Iko sawa, Mama."

Na ilikuwa sawa kweli, mpaka siku ile Archange alipokuja.

Archange naye ni mjukuu wangu, mtoto wa marehemu binti yangu mkubwa. Alikaa Sake na kubeba abiria kwa pikipiki. Alikuja kwa miguu, amevaa lile koti lake jekundu lenye mkono mmoja wa njano. Sidonie ndiye aliyemshonea. Kitambaa chekundu kilimwishia njiani, na Archange akasema hivyo hivyo inapendeza, wateja watamtambua kutoka mbali. Siku hiyo Sidonie alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba na kuku wangu, nisijue kinachoendelea. Haya ninayowaambia, Kétsia mwenyewe alinisimulia baadaye, akilia.

"Dada Kétsia, moto yangu imekufa mu njia ya Walikale," Archange alisema, maana kwetu pikipiki huitwa moto. "Bila kipande kimoja haiwake. Nikopeshe. Siku ya posho, kabla jua haijaingia, narudisha yote."

"Si feza yangu, kaka. Ni ya Mama."

"Mama atasema nini? Mimi ni muntu wa inje? Koti hii nani alinishonea?"

"Basi ngoja Mama arudi."

"Nikingoja, fundi anafunga. Kumbe wewe ni *comptable* ya jina tu? Unashika simu kama unashika mutoto ya wengine."

Hapo ndipo alipompata. Kétsia hakupenda kuonekana mdogo. Alijua namba ya siri, akatuma. Kisha akafungua Mkoba ili aandike, na swali likatokea: *Kutoka fungu gani?*

Aliangalia Chakula, halikutosha. Shule, halikutosha. Fungu pekee lenye pesa nyingi hivyo lilikuwa Mbio, na kama angeligusa, lingeshuka na kugeuka jekundu, na jioni mama yake angeliona. Kidole kilisimama. Basi akafanya jambo ambalo mimi na darasa langu la tano tusingeweza hata kulifikiria. Alifungua akaunti mpya, akaiita Kikopo cha Pili, akaiambia programu kwamba ni ya ndani. Akaandika kwamba pesa zimetoka kwenye simu na kuingia katika Kikopo cha Pili. Mkoba uliamini, ukanyamaza. Fungu la Mbio likabaki limejaa, la kijani, zuri kulitazama.

"Siku ya posho nitaifuta," alijiambia.

Siku ya posho, yaani Jumamosi, Archange hakuja. Wala ya pili yake. Kétsia alimpigia, simu ikaita mpaka ikachoka. Jioni, mama yake alipouliza, alijibu "Iko sawa, Mama," lakini hakuinua tena macho. Alianza kula kidogo. Nilidhani ni minyoo, nikamchemshia majani machungu, na alikunywa yote bila kukataa. Hapo ningepaswa kujua kwamba mtoto ana jambo kubwa.

Kisha ikaja asubuhi ile. Milio ya risasi ilianza upande wa Muheto wakati watoto walikuwa wanajipanga uwanjani shuleni. Mwalimu hakupiga kengele. Aliwaambia tu waende kwa mama zao. Barabara ilijaa magodoro, ng'ombe, masufuria, na watu wasiosema kitu. Papa Michel, mwenye lori la Fuso, alisimama mbele ya duka letu injini ikiwa inawaka, watu wakining'inia kila upande.

Sidonie alifungua simu na kutazama fungu la Mbio. Lilikuwa limejaa. Uso wake ukatulia kidogo.

"Papa Michel, tuko watu wane, na mashini ya kushona, na magunia mbili."

Michel alitaja bei. Ilikuwa bei ya siku ya vita, lakini Sidonie hakubishana. Alikuwa ameiweka akiba kwa ajili ya siku hiyo hasa. Vijana wawili wakaipandisha mashine juu, nami wakanipandisha baada yake, wakipumua kwa nguvu zaidi.

"Lipa kwanza, mama. Mazutu haipandi yenyewe mu tanki."

Sidonie akabonyeza namba. Akangoja. Akabonyeza tena.

"Wananiambia feza haitoshi," alisema. "Kétsia! Mbio imejaa, na simu iko mutupu. Ni aje?"

"Ni *réseau*, Mama," Kétsia alisema, akisingizia mtandao.

"*Réseau* iko. Imenijibu mara mbili." Akapitisha kidole kwenye kioo. "Na hii Kikopo cha Pili ni nini? Kiko wapi? Kikimbilie ndani, ukilete!"

Kétsia hakukimbia. Alisimama pale katikati ya barabara, watu wakimgonga mabega.

"Hakuna kikopo, Mama. Nilikopesha Kaka Archange."

Nimemlea Sidonie, najua jinsi anavyokasirika. Siku ile hakukasirika. Alimtazama binti yake kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha majini. Kisha akageuka kwa Michel na kumwambia anacho kiasi gani katika sanduku la duka.

"Hiyo ni ya watu tu," Michel alisema. Hakuwa mtu mbaya. Nyuma yake wengine walikuwa wanapiga kelele aondoke. "Mashini inashuka, mama. Ao Koko anashuka. Nafasi ya mashini nitabeba watu watatu."

Basi ilibidi wachague kati yangu mimi, bibi wanayemwita Koko, na mashine ya kushona. Walinichagua mimi. Mpaka leo, nikitazama mambo yalivyokwenda, najiuliza kama walipiga hesabu vizuri.

Sidonie aliingiza mashine dukani yeye mwenyewe. Aliifunika kwa kitenge, akaiwekea juu kipande cha shati la kwaya alilokuwa hajamaliza, akafunga mlango na kuweka ufunguo kifuani. Alipopanda lori hakulia. Trésor ndiye aliyelia, njia yote, kwa kuwa alizoea kulala na ile sauti.

Tulipofika mteremko wa Mushaki, lori lilikwenda polepole kuliko jogoo. Pikipiki zilitupita moja baada ya nyingine, zimebeba wale waliokuwa na pesa za haraka. Mojawapo ilikuwa na mwanamke, watoto wawili, na mbuzi juu ya tanki. Dereva alikuwa ameinamisha kichwa. Niliona jekundu, na kitu cha njano. Lakini macho yangu ni ya zamani, vumbi lilikuwa jingi, na Kétsia alikuwa amejifunika uso magotini kwangu. Nilifunga mdomo. Ni jambo ninalolifanya mara chache, kwa hiyo ninalikumbuka.

Tulipata mahali Mubambiro, nyuma ya nyumba ya Rosalie, mwanamke wa kanisa letu, karibu na kambi ya askari. Asubuhi tuliamshwa na tarumbeta yao. Rosalie alitupa chumba kimoja na masufuria mawili, na hakutuuliza tutakaa hadi lini.

Siku zile za kwanza Kétsia alifanya kila kazi kabla haijatajwa. Alichota maji, alifua, alimbeba Trésor mgongoni akijaribu kumwimbia kwa sauti ya mashine, *taka-taka-taka*, na mtoto alimtazama kama mtu aliyedanganywa. Mwishowe alimletea mama yake ile simu kwa mikono miwili.

"Mama, unipige, lakini useme kitu."

Sidonie alikuwa anashona kiraka kwa mkono. Aliweka sindano chini.

"Kaa. Fungua Mkoba. Hiyo kikopo ya bongo, hiyo ya uwongo, uiambie ukweli."

Kétsia alifungua. Alitafuta Kikopo cha Pili, akabadilisha kutoka ndani kwenda nje, akaandika jina la kweli: Archange. Na lile swali, ambalo lilikuwa limemngoja muda wote ule, likarudi pale pale. *Kutoka fungu gani?*

"Jibu," Sidonie alisema.

Kétsia alibonyeza Mbio. Fungu lile la kijani likaanguka mara moja, likawa jekundu. Mtoto akalia kama aliyeona mtu anakufa.

"Sasa unasikia," mama yake alisema polepole. "Feza ikibadilisha mufuko ndani ya nyumba, ingali yetu. Ikivuka mulango, hata kwa ndugu, hata kwa siku mbili, imetoka. Unapaswa kusema umeitoa ku kazi gani, juu ile kazi haitafanyika tena. Ulifikiri unamukopesha Archange franga za simu. Ulimukopesha mashini yangu. Na ilibaki kidogo tu, miguu ya Koko pia."

"Nilitaka kumusaidia, Mama."

"Kusaidia si mubaya. Ungeniambia, labda tungemupatia nusu, nami ningejua tunabaki na nini. Mubaya ni kuniacha niamini mufuko yenye haiko. Hakuna muntu anaweza kujipanga na bongo, hata bongo ya kijani."

Kétsia akafuta machozi. "Nitairudisha aje?"

"Kidogo kidogo. Na kila jioni, nikiuliza, utaniambia vile iko, hata kama ni aibu."

Baba yake alipopata mtandao na kupiga kutoka Butembo, Kétsia mwenyewe aliomba simu na kumweleza yote. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha tukasikia, "Aksanti kuniambia, mama yangu." Hivyo ndivyo anavyomwita binti yake. Hakuongeza kitu, na kule kutoongeza kulimwuma Kétsia kuliko fimbo.

Alianza kukaanga *beignets*, yaani maandazi, pamoja na Rosalie na kuziuza barabarani baada ya masomo. Benita, fundi wa nguo wa mtaa ule, alimruhusu Sidonie kutumia mashine yake alasiri, wakati yeye yuko sokoni, wagawane malipo. Siku ya kwanza Sidonie alipoikanyaga, Trésor alilala kabla hajamaliza pindo moja. Kila jioni swali lilikuwa lile lile, na majibu yalibadilika: "Iko na kidogo, Mama." "Leo hatukuongeza, mvua imenyesha." Mbio ikapanda polepole, kama mimi nikipanda lori. Lakini mashine ya Bihambwe hatukuiona tena. Mtu aliyetoka huko alituambia mlango wa duka ulikuwa wazi na ndani hamna kitu. Sidonie aliutoa ule ufunguo kifuani, akautazama, akaurudisha. Kétsia aliona. Ninaamini atauona ule ufunguo hata akiwa mzee kama mimi.

Jumapili moja, baada ya misa, Archange akatokea. Hakuvaa koti. Alileta sukari kidogo na pesa kidogo zaidi, kama robo ya deni, akaziweka magotini kwa Sidonie.

"Mama mudogo, unisamehe. Ile moto ilikataa kabisa. Kipande kilifika jana tu kutoka Goma. Siku mulikimbia, ilikuwa imelala Sake, imekufa. Ningekuwa na moto ya muzima, ningepanda mbio kuwachukua, haki ya Mungu!"

Alisema vizuri. Machozi yalikuwa karibu. Rosalie alimsikitikia, na Kétsia akamwekea *beignet* ya moto kwenye sahani. Sidonie alizihesabu zile pesa, akapumua.

"Basi, kama kazi ilikukatalia tangu siku ile, utalipa na nini? Ingine tuiache. Kétsia, andika mu Mkoba kama deni imeisha."

Kétsia alichukua simu. Mimi nilikuwa pembeni, nachambua maharage.

"Maskini Archange," nikasema. "Kumbe nilimukosea. Siku ile, mu muteremuko ya Mushaki, nilimuona muntu na moto, nikafikiri ni wewe."

"Hapana, Koko. Hakuwa mimi."

"Njo nasema, hakuwa wewe. Wewe unajua kufunga muzigo. Yule alikuwa na mbuzi ku tanki, amemufunga vibaya, shingo inapinduka, karibu aanguke chini. Niliona huruma. Nikasema, huyu si dereva, huyu ni mwizi wa mbuzi."

Archange aliacha kutafuna.

"Hakukaribia kuanguka, Koko!" alisema kwa hasira. "Nilimufunga mimi mwenyewe, na kamba mbili!"

Kidole cha Kétsia kikasimama juu ya simu. Wote tulimtazama Archange, naye akatazama sahani, *beignet* ikiwa bado shavuni, akisikiliza maneno yake mwenyewe.